Mnyama Kwanza ni wa Anayeishi Naye

Kuna hoja inayotawala Lubumbashi kila linapozuka suala la nani aruhusiwe kuwinda katika pori la Haut-Katanga. Husemwa maofisini, husemwa katika semina za hotelini, husemwa hata na watu wema wanaoipenda misitu kwa dhati. Inasema hivi: pongo, tohe na ngiri waliobaki ni mali adimu, na mali adimu hupewa anayeilipia zaidi. Anayeweza kulipa zaidi ni mtalii wa kutoka Ulaya, Marekani au Ghuba, au mfanyabiashara wa mjini mwenye jipu na bunduki nzuri. Basi kibali kianze kwake. Mwanakijiji wa Kasenga, Mitwaba au Sakania halipi kitu, anatega nyaya, anachoma nyasi; huyo azuiwe. Fedha za mwindaji wa mbali zitalilinda pori, na pori likilindwa kila mtu atafaidika.

Naipinga hoja hii yote. Siwachukii wanaotoka mbali, na sidai kwamba kila mwanakijiji ni mlinzi wa msitu. Naipinga kwa sababu inaanzia mahali pasipofaa. Inauliza nani ana fedha kabla ya kuuliza nani anaishi na mnyama, nani analiwa shamba lake, na nani atabaki pale siku mwindaji wa mbali akishaondoka. Ukianza na swali la fedha, majibu yote yanayofuata yatapinda, hata yakipambwa kwa takwimu.

Nianze na fedha zenyewe, maana ndizo nguvu ya hoja hiyo. Sisi watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa jinsi fedha za utajiri wa ardhi zinavyosafiri. Tangu shaba ya kwanza iyeyushwe Lubumbashi mwaka 1911, tumeona mali ikitoka chini ya miguu ya watu na faida ikienda kukaa mbali nao. Ndiyo maana sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa Machi 2018, haikuacha mambo kwenye ahadi. Iliandika tarakimu. Katika mrabaha wa madini, 50% ni ya serikali kuu, 25% ya jimbo, 15% ya mji, sheferi (eneo linaloongozwa na chifu) au sekta ambako mgodi upo, na 10% ya mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani na mgodi. Tunagombana kila siku kuhusu fedha hizo kufika au kutofika. Lakini tunagombana tukiwa na tarakimu mkononi, na chifu anaweza kudai akitaja kifungu.

Sasa waulize wanaotaka kibali kipewe mwenye fedha nyingi: katika kila dola 100 atakazolipa mwindaji huyo, ngapi zitaingia katika sanduku la sheferi ambamo mnyama ameuawa? Hoja yao haitaji hata asilimia moja. Inasema tu kwamba "jamii zitanufaika". Shaba imetufundisha kwamba faida isiyoandikwa haifiki. Kama jiwe lisilokula mahindi ya mtu limeandikiwa 15% ya mahali lilipochimbwa, nguruwe pori anayefukua shamba la mihogo usiku kucha ataachwaje bila mgawo?

Hapo tunafika kwenye gharama ambayo hoja hiyo haiihesabu kabisa. Husemwa kwamba mwanakijiji halipi. Analipa. Nguruwe pori akiingia shambani wiki moja kabla ya mavuno, mwanakijiji amelipa. Nyani wakimaliza mahindi, watoto wakakatishwa shule ili walinde shamba, amelipa. Wale wanaolima karibu na Upemba, mbuga iliyoundwa mwaka 1939 na ambamo bado wamo tembo, wanajua bei ya jirani mwenye miguu minne. Malipo hayo hayana risiti, hayapiti benki, hayaingii katika ripoti ya ofisi yoyote mjini. Lakini ndiyo malipo yanayomwezesha mnyama kuwa hai hadi siku mwindaji mwenye dola atakapofika. Anayelisha ng'ombe hawezi kuwa wa mwisho katika kugawa maziwa.

Hoja inaendelea: lakini wanyama wamemalizwa na hao hao wanavijiji. Nakubali kwamba mitego ya waya inaua bila kuchagua, jike na mtoto, na kwamba moto wa kiangazi uliowashwa na wawindaji umeharibu miombo mingi. Hakuna sababu ya kuficha hilo. Ila lazima tuulize nyama hiyo inakwenda wapi. Familia ya kijijini haili ngiri watano kwa wiki. Lubumbashi ni mji wa watu zaidi ya milioni mbili, na nyama ya pori ina wateja hapa sokoni, mahotelini na katika sherehe za wakubwa. Anayeinunua mjini ndiye aliyefunga ule waya porini, ingawa mkono wake haukuugusa. Na si wanunuzi tu. Wapo wanaotoka mjini wenyewe Ijumaa jioni kwa barabara ya Kasenga au ya Likasi, na taa kali na bunduki, wakarudi Jumapili na mizigo chini ya turubai. Hao wana fedha za kibali. Kama fedha peke yake ingetosha kumfanya mtu amheshimu mnyama, wangekuwa mfano kwetu sote.

Mwindaji wa mbali, basi, si yule mzungu wa picha za zamani pekee. Katika Haut-Katanga, anayetoka mbali zaidi mara nyingi ametoka kilomita mia chache tu, ni raia wa Kongo, na ni jirani yetu hapa mtaani. Mnyama hajali pasipoti ya aliyempiga risasi. Kwa pori la Mitwaba, mtu wa Lubumbashi asiyelala pale, asiyelima pale na asiyezika watu wake pale ni mtu wa nje kama alivyo mtalii. Mimi ninayeandika haya, kwa kanuni ninayoitetea, ningekuwa katika orodha ya watu wa nje, na sioni kosa katika hilo.

Sheria yetu wenyewe haikuwasahau wenyeji. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inayosimamia uwindaji iliweka aina kadhaa za vibali. Vimo vya michezo na vya watalii, lakini vimo pia kibali cha vijijini na kibali cha pamoja, ambavyo kusudi lake ni wanaoishi na wanyama. Mtunga sheria wa 1982 alijua kwamba wawindaji si wa aina moja. Shida imekuja katika utendaji. Kibali kinachotolewa ofisini mjini, kwa fomu za Kifaransa, kwa nauli na kungoja na kurudi kesho, kinamfaa mtu wa mjini na kinamtupa nje mtu wa kijijini, hata kama karatasi imeandikwa jina lake. Kisha tunamwita jangili kwa sababu hana karatasi ambayo hatukumpelekea. Tumemfanya mhalifu kwa umbali, na umbali wenyewe ni sisi tulioupanga.

Wanaoamini kwamba fedha nyingi za mtu mmoja wa nje ni salama kuliko bunduki nyingi za wenyeji wanapaswa kutazama Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1992 kampuni ya Ortello, yenye uhusiano na watawala wa Falme za Kiarabu, ilipewa haki ya kuwinda katika ardhi ambamo Wamasai wanaishi na kuchunga. Fedha zilikuwepo, ndege zilikuwepo, mkataba ulikuwepo. Mwaka 2009 maboma yalichomwa na watu wakafukuzwa. Mwaka 2013 ulitangazwa mpango wa kutenga kilomita za mraba 1,500, kisha Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akausimamisha. Mwaka 2017 maboma yalichomwa tena. Mwaka huo huo waziri alitangaza kwamba kampuni ingeondoka, lakini haikuondoka. Juni 2022 mipaka ya zile kilomita za mraba 1,500 iliwekwa, kukatokea mapambano, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Kenya. Serikali ilieleza kwamba inalinda ikolojia ya Serengeti. Hata ukiikubali nia hiyo, swali linabaki: kwa nini katika kila mzozo wa miaka 30 aliyetakiwa kuhama ni mwenye ng'ombe, na aliyebaki ni mwenye kitalu cha uwindaji?

Jibu halihitaji njama. Mtu mmoja anapolipa sehemu kubwa ya mapato, ofisi inaanza kumsikiliza yeye. Wenyeji wanageuka kuwa kero kwa mteja. Hapo hata mtumishi mwadilifu anajikuta akilinda mkataba badala ya kulinda pori. Ndiyo hatari ya kumpa mlango wa kwanza mwenye fedha nyingi, nayo haiondolewi kwa kupandisha bei. Kadiri bei inavyopanda, ndivyo sauti ya mlipaji inavyozidi kuzima sauti nyingine zote.

Labda mtu atasema kwamba Afrika ni maskini na haiwezi kuchagua. Basi tutazame nchi tajiri inayoabudu soko kuliko nyingine zote. Huko Marekani majimbo hayaachi bei pekee iamue nani awinde. Katika jimbo la Montana, mwaka 1976, mkazi aliweza kununua leseni ya elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kwa dola 9. Mtu wa jimbo lingine alilazimika kununua leseni iliyounganisha wanyama kadhaa kwa dola 225. Wawindaji wa nje walishitaki, wakidai kwamba raia wote wa nchi moja ni sawa. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia. Ilisema kwamba kwa mtu wa nje kuwinda elki ni burudani, si haki ya msingi ya kujipatia riziki, na kwamba jimbo linalobeba gharama ya kuwatunza wanyama lina haki ya kuwatanguliza wakazi wake. New Mexico inakwenda mbali zaidi: katika bahati nasibu ya vibali vya wanyama wakubwa, 84% ni ya wakazi, 10% ya wanaokwenda na waongozaji wenye leseni, na 6% ya watu wa nje wanaokwenda peke yao. Tajiri wa New York hawezi kuzinunua zile 84% hata akileta gunia la dola. Wamarekani wamelinda kwa sheria burudani ya wakazi wao. Sisi tunasitasita kulinda kitoweo cha wa kwetu.

Wala hatuhitaji kwenda Montana kujifunza. Wazee wa nchi hii walikuwa na kanuni kabla ya dekreti ya kikoloni ya 1937 juu ya uwindaji. Katika tawala za Kiluba na Kilunda, na kwa majirani zao wengi, mwindaji aliyemwangusha tembo, awe mtu wa pale au mpitaji, alimpelekea chifu wa ardhi pembe ile iliyogusa chini. Nyingine ilikuwa yake. Angalieni akili iliyomo katika mgawo huo. Haukumzuia mpitaji kuwinda. Haukungoja mapato yakusanywe mji mkuu kisha yagawiwe. Nusu ya thamani ilibaki pale pale mnyama alipoanguka, siku ile ile, mbele ya macho ya watu.

Historia ya Katanga inatuonyesha pia kinachotokea kanuni hiyo inapovunjwa. Msiri alikuja kutoka Unyamwezi katika karne ya 19 akiwa mfanyabiashara. Alikuwa na bunduki ambazo machifu wa huku hawakuwa nazo, na alifuata pembe na shaba. Akajenga Bunkeya, akawa mtawala wa wale waliompokea, na pembe zote zikawa zinakwenda kwake. Desemba 1891 naye aliuawa na msafara wa Stairs, uliokuwa ukimtumikia Mfalme Leopold, wenye bunduki bora zaidi kuliko zake. Mali ya pori ikiwa ya mwenye nguvu kubwa, daima atatokea mwenye nguvu kubwa zaidi, na mwenyeji atabadilishiwa bwana tu.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito wote, kwa sababu linatoka katika kidonda chetu. Wengine wataniambia: ukianza kutenganisha wa hapa na wa nje katika Katanga, unacheza na moto. Wana haki ya kuogopa. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala katika vituo vya reli, na wengi wakafa. Kanuni yoyote inayofanana na ile sumu inastahili kutupwa. Lakini ninachodai ni makazi, hakihusu kabila hata kidogo. Mtu aliyezaliwa Mbuji-Mayi ambaye amelima Kasenga kwa miaka, anayelipa michango ya kijiji na ambaye ngiri wanamlia karanga zake, ni mkazi, na kibali chake kiwe sawa na cha jirani yake. Mlamba aliyezaliwa Kipushi ambaye sasa anaishi katika nyumba ya ghorofa mjini ni mtu wa nje katika pori la Kipushi, hata kama babu yake alikuwa chifu. Kuwatanguliza wakazi kwa namna hii kunavunja ukabila, maana kunawaunganisha watu wa asili mbalimbali wanaobeba mzigo mmoja.

Wapo wa upande mwingine wanaosema: ugomvi wote huu wa nini, fungeni uwindaji kwa kila mtu. Kenya ilifanya hivyo mwaka 1977. Utafiti uliofuatilia wanyama wa nyanda kame za nchi hiyo hadi 2016 ulikuta kwamba idadi yao ilikuwa imepungua kwa wastani wa 68%. Sisemi kwamba marufuku ndiyo iliyowaua. Uzio, mifugo, ukame na ongezeko la watu vilifanya kazi yao. Nasema marufuku peke yake haikuwaokoa. Mnyama asiyemletea jirani yake chochote isipokuwa hasara hana mtetezi saa nane za usiku, wakati ofisi zote zimelala.

Vuka Kasumbalesa uende Zambia, na utaona njia ya kati pamoja na udhaifu wake. Sheria ya 1998 iliweka bodi za jamii za kusimamia rasilimali, na nusu ya ada za wanyama wanaowindwa na watalii ikapangiwa bodi hizo, sehemu yake ikiwa ya chifu. Mwaka 2013 uwindaji ulisimamishwa kwa tuhuma za ufisadi katika ugawaji wa vitalu, na bodi zilizotegemea wawindaji wa mbali peke yao zikakaukiwa na fedha za kuwalipa walinzi wao. Somo ni la pande mbili: fedha za mtu wa nje zinaweza kufika kijijini zikiandikwa katika sheria, na kijiji kisichokuwa na haki yake ya kuwinda kinabaki ombaomba wa mteja mmoja.

Basi tufanye nini Haut-Katanga? Kwanza tuhesabu. Hakuna kibali, cha mkazi wala cha mtalii, katika domeni za uwindaji za Sakania au Lubudi-Sampwe au pori lolote la jimbo kabla ya kujua kwa kila aina ya mnyama wako wangapi. Anayeuza asichokihesabu anauza cha wajukuu. Pale ambapo hesabu itaonyesha kwamba hakuna ziada, pori lipumzike, na mapumziko yawahusu wote, waziri na mchuuzi.

Pili, penye ziada, mkazi atangulie. Kibali cha vijijini na cha pamoja kitolewe kwenye makao ya sheferi au sekta, kwa lugha ambayo watu wanaielewa, kwa ada ambayo mkulima anaimudu. Kisiuzwe wala kuazimwa, ili mkazi asigeuke mkono wa mchuuzi wa mjini. Nyama itakayotoka nje ya sheferi iwe na hati, na ukaguzi ufanywe sokoni na mahotelini Lubumbashi, siyo tu kwenye vizuizi ambapo mwenye baiskeli husimamishwa na mwenye jipu hupigiwa saluti.

Tatu, watu wa nje wote, Wakongo na wageni, wawekewe kikomo: sehemu moja tu ya kumi ya mgawo wa kila mwaka. Walipe bei kubwa, ndiyo, lakini nafasi zigawiwe kwa kura ya wazi na majina yabandikwe ukutani. Mnada humpa yule yule mwenye fedha kila mwaka. Kura haimjui mtu.

Nne, nusu ya malipo yao ibaki katika sheferi ambamo mnyama ameuawa, kama pembe iliyogusa ardhi. Chombo cha kuyapokea si lazima kibuniwe upya. Kanuni ya misitu ya 2002 na dekreti ya Agosti 2014 zinaziruhusu jamii kupata hati ya kutumia na kusimamia msitu hadi hekta 50,000. Jamii yenye hati hiyo ina mpaka unaojulikana, kamati, na sababu ya kumkamata mwizi hata akiwa mtoto wa mkubwa.

Wataniambia serikali haina askari wa kusimamia haya. Kweli haina, na haitakuwa nao wa kutosha kwa miaka mingi. Ndiyo sababu hasa ya kumtanguliza anayeishi pale. Mfumo wa mwenye fedha unahitaji jeshi, kwa kuwa unamgeuza kila mwanakijiji kuwa adui ambaye pori linapaswa kulindwa dhidi yake. Mfumo wa mkazi una macho katika kila kijiji tangu siku ya kwanza.

Ninawataka wabunge wa jimbo letu, na wale wanaoandika maagizo wizarani Kinshasa, wasisaini kibali kingine chochote cha mtu wa nje kabla ya kujibu maswali matatu kwa maandishi: wanyama ni wangapi, wakazi wamepata sehemu gani, na fedha zitaingia sanduku lipi. Asiyeweza kujibu hana haki ya kuuza.